Maji ya Bomba Mdomoni

Kila kitu alichoshika alikikung'uta. Kijiko cha chai, kalamu, mwavuli mkavu, hata Biblia. Mkono uliruka mara tatu kutoka kwenye kifundo, kama wa mtu anayefukuza nzi aliyemzoea, halafu akakitazama kile kitu kwa jicho moja kana kwamba kimeandikwa namba. Ukikaa naye mezani unakula ukijikinga. Mama yangu alishawahi kurushiwa mchuzi kwenye kitambaa cha kichwa, akakifuta tu, kwa sababu mtu anayekung'uta vipimo vya joto siku nzima hawezi kuambiwa mkono wake upumzike saa ya chakula.

Sisi wa landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, tulimwita Sista. Hospitalini hakuwa Sista. Cheo hicho kilikuwa cha wanawake wa kizungu, na yeye, aliyewaonyesha wawili kati yao bandeji zinakaa kabati gani, alikuwa nasi tu, muuguzi wa kawaida, basi. Nilimuuliza siku moja kama hilo halimuumi. Akasema mgonjwa akitapika hasomi beji.

Saa yake aliibandika kifuani kwa pini, kichwa chini miguu juu, hivyo ilimsomea yeye peke yake. Ukitaka kujua ni saa ngapi unamuuliza, naye anainamisha kidevu, anakaa kimya muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha anakwambia saa pamoja na mapigo ya moyo wako, maana alikuwa ameshakushika mkono bila wewe kuhisi. Niliwahi kumwambia hiyo siyo saa, ni siri. Alinifukuza na mwiko, na mwiko wenyewe akaukung'uta kwanza.

Alikaa nyumba iliyopakana na yetu, ukuta mmoja, na mume wake alikuwa gadi wa treni, mtu tuliyemfahamu zaidi kwa koti lake kwenye kamba kuliko kwa uso. Kwa hiyo sauti zote za nyumba ile zilikuwa za Sista. Tulimsikia akichemsha vijiko. Tulimsikia akiimba nyimbo za kanisani, ubeti wa kwanza wa huu na kiitikio cha ule. Na tulimsikia akirudi. Anafunga mlango, anaondoka, viatu vinafika kwenye kona ya choo, vinasimama, vinarudi. Anatikisa kufuli. Anaondoka. Anarudi tena, kuona kama stovu imezimwa. Mara tatu kila asubuhi, na mimi kitandani nikihesabu kwa sauti ili asikie.

Alikuwa mwoga. Watu hawapendi nikisema hivyo. Tangu homa ile ya mwaka wa hamsini na saba iishe, kila mtu hapa Nakuru anazungumza kana kwamba alikuwa rafiki yake, na wote wana neno moja, ati Sista hakuogopa kitu. Upuuzi mtupu. Sista aliogopa kuku. Kuku wa kawaida, wa jirani, mwenye mguu mbaya. Akimkuta njiani anazunguka nyuma ya matangi ya maji na kuchelewa kazini kuliko kumpita. Aliogopa radi, aliogopa barua, aliogopa mtu akibisha hodi mara mbili badala ya tatu. Mikono iliyotulia kabisa ikimchoma mtu sindano ilitetemeka nyumbani mpaka kikombe kikalia kwenye kisahani, ndiyo maana aliacha vikombe vya udongo na kunywea kikombe cha bati, akikishika kwa mikono miwili. Na mikono yenyewe ilikuwa imepasuka katikati ya vidole kwa kuoshwa na ile dawa inayonuka kama lami. Ukipeana naye salamu unanuka reli siku nzima.

Alikuwa na msemo wake: "Hofu ije, lakini inawe mikono kwanza." Alitwambia sisi, aliwaambia wagonjwa, alimwambia pasta. Mimi niliugeuza kwa kila namna. Mwalimu wa hesabu akiingia darasani, nilinong'ona kwamba hofu imefika na haijanawa.

Lakini siku moja nilimuuliza bila mchezo, au kwa mchezo kidogo tu. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya mlango wake, amevaa sare tayari, na hainuki.

"Sasa Sista, kama unaogopa hivi, si ukae tu nyumbani?"

"Nikikaa nyumbani nitaogopa nikiwa nimekaa," akasema. "Heri niogope nikitandika kitanda."

Akainuka. Akatikisa kufuli mara tatu.

Homa ilipokuja, watu walisema imeshuka na treni kutoka pwani, na sisi watoto wa reli tukaangaliwa kana kwamba tuliibeba mfukoni. Kwanza mtu mmoja mmoja, kichwa, mgongo, kikohozi. Halafu landhi nzima ilinuka majani ya mkaratusi, kila nyumba na sufuria yake, watu wamejifunika blanketi wanavuta mvuke. Halafu malori yakaanza kuteremka kutoka Dundori na Mau Narok, yamebeba wafanyakazi wa mashamba waliolala juu ya magunia ya viazi, na wengine chini ya magunia kwa ajili ya baridi. Sista alisema wengi walifika wakiwa wameumwa siku nne au tano, kwa sababu huwezi kutoka shambani bila karatasi ya ruhusa, na bwana mwenye kalamu ya kuitia saini naye alikuwa kitandani, anaumwa. Homa haikuombwa karatasi mahali popote.

Wodi yao ilikuwa ya vitanda thelathini. Aliniambia walilala wawili wawili, na chini ya kila kitanda mmoja. Manasi walianza wakiwa wanane. Baada ya wiki mbili walibaki watatu: Sista, mwenzake mmoja mnene aliyekuwa na pumu, na msichana mwanafunzi kutoka Kabazi, ambaye Sista alikuwa anamfundisha kazi. Huyo msichana alishakuja kwetu kunywa chai. Alikuwa na mwanya, na alikuwa ameanza kukung'uta kijiko.

Sasa nitasema jambo la bomba na jambo la kanisa, na nikimaliza nisiulizwe tena kwa nini siwaheshimu wakubwa. Kwenye bomba letu wanawake hupanga ndoo kwa foleni, na mtu akichelewa ndoo yake inamshikia nafasi. Mwezi ule wa homa, Sista akija na ndoo, foleni ilifunguka yenyewe. Kwanza alidhani ni heshima. Akashukuru. Siku ya tatu aliona mama mmoja anasugua kichwa cha bomba kwa majivu baada yake, ndipo akaanza kuteka maji kabla watu hawajaamka. Mama yangu alikuwa kwenye foleni ile. Nilimwambia nilichofikiri nikapigwa kofi, na hilo kofi nalilipiza mpaka leo kwa kulirudia hapa.

Na kanisani, Jumapili iliyofuata, pasta alimwomba Sista asimame. Akamwita askari wa Bwana. Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likatoka kwenye dari. Kisha akaketi, na kwenye benchi lake, kushoto na kulia, kulikuwa na nafasi ya kuegesha baiskeli. Tulimpigia makofi kutoka mbali. Nilitaka kwenda kukaa karibu naye. Sikuenda. Nami niliogopa, na yangu haikunawa.

Hospitalini kulikuwa na Metroni, mkuu wa manasi, mzungu mrefu aliyetembea kana kwamba sakafu imelowa. Metroni aliweka sheria. Kila asubuhi saa moja manasi wote wasimame kwenye nyasi mbele ya wodi, kila mmoja na kipimo chini ya ulimi, naye apite akisoma. Ukizidi mia moja unaondolewa, unapelekwa kwenye hema nyuma ya dobi, mpaka homa ikuache siku tatu. Sheria ilikuwa nzuri. Nasema hivyo sasa. Ila Metroni alisoma kioo tu. Katika miaka yote ya Sista pale, hakuna siku Metroni aliweka mkono wake kwenye shingo ya nasi mweusi.

Njia yangu ya shule inapita kando ya hospitali, na kwenye ua wa kayaba, ile miti ya miiba, kuna mahali mbuzi wamepatoboa. Nilikuwa nawatazama kila siku, wamepangwa midomo imefungwa juu ya vile vioo, kama watu waliokatazwa kucheka. Niliwaigiza darasani, nikapata sifa.

Lakini sharti nirudi nyuma kidogo, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yalianzia kwenye ujanja wangu.

Homa ilipokuwa bado changa, hedimasta alitangaza kwamba mtu yeyote mwenye joto atarudishwa nyumbani. Na ilikuwa wiki ya mtihani wa hesabu. Mtu wa akili unamwambia jambo kama hilo? Nilileta chai ya moto kwenye chupa niliyoivisha soksi mbili, na darasani, nyuma ya dawati, tulipokezana wavulana tisa wa Standadi Saba, kila mmoja anashika mdomoni mpaka machozi yanatoka. Sista alikuwa ametumwa na hospitali kuja kutupima. Alipita kwa wa kwanza, wa pili, akakunja uso. Alipofika kwangu alikisoma kile kioo, akakikung'uta, akakisoma tena kikiwa hakina kitu, kwa mazoea tu.

"Mia na sita," akasema. "Mtu wa joto hili saa hii angekuwa anaongea na babu yake marehemu. Anasemaje, babu?"

Akageuza mkono wake, akaweka upande wa nyuma wa vidole shingoni mwangu, chini ya sikio. Vidole vilivyopasuka, vinanuka lami. Shingo yangu ilikuwa baridi kama chura.

"Kioo kinadanganywa," akawaambia wale wengine. "Mkono haudanganywi."

Tulichapwa wote, kila mtu viboko vinne. Jioni alinikuta bombani na kunicheka mpaka akakaa kwenye ndoo, na tangu siku hiyo jina langu kwake likawa Mia na Sita. Alitaka nimweleze nilivyofanya. Nikamweleza kama fundi, chai iwe ya moto kiasi gani, ishikwe muda gani, usimeze mpaka mpimaji afike kwa jirani yako. Akauliza, bado anacheka, "Na ukitaka kishuke?" Nikasema sijawahi kuhitaji, lakini nadhani maji ya bomba ya asubuhi, yale yanayouma meno, yangefaa. Nilisema hivyo. Hakuna aliyeniuliza kwa kiboko. Nilijivuna tu.

Sasa ile asubuhi, manasi wakiwa wamebaki watatu. Malori mawili yalikuwa getini. Niliona Sista kwenye bomba la bustani, upande wa ndani wa ua, karibu na tundu la mbuzi. Nikamwamkia. Hakujibu. Sista, mtu anayesalimia hata mlingoti wa simu, hakujibu. Alinigeukia tu na mashavu yamejaa, kama mtoto aliyeiba sukari, macho mekundu.

Nilianza kumchekesha. Hiyo ndiyo kazi yangu duniani, mtu akijaza maji mdomoni mimi namchekesha ayateme. Nikaigiza Metroni anavyotembea. Nikaigiza kuku mwenye mguu mbaya. Hakucheka, na hapo katikati ya kuku nikaelewa. Watu wote wa Nakuru wangepita pale wasione kitu, wangedhani anasukutua. Ilihitaji mwongo mwenzake.

Akameza. Akaja kwenye tundu.

"Usiseme, Mia na Sita."

"Una ngapi?"

"Sijajipima. Nikijipima nitajua." Akaangalia nyuma. "Tuko watatu. Mwenzangu anapumua kama mlango mbovu. Nikienda hemani, yule mtoto wa Kabazi atabaki na watu tisini. Hajui hata kugeuza mgonjwa peke yake."

Ningefanya nini? Niambiwe na hao wanaojua kila kitu leo. Ningeruka ua nikamwambie Metroni kwamba nasi wake ana homa, mimi, mwenye viboko vinne kwa ajili ya chai? Na kama angeniamini, nani angebaki wodini? Na kusema kweli yote, sehemu yangu moja ilifurahi. Ujanja wangu ulikuwa umepanda cheo, unavaa sare. Nilibaki pale tunduni nikamwona anajaza mdomo tena, anakwenda kusimama kwenye nyasi. Metroni alipita. Akasoma. Akatikisa kichwa kwamba ndiyo, vizuri.

Siku tatu nilimwona hivyo, na siku tatu sikumwambia Metroni. Ukutani kwetu nilisikia kikohozi anachokifunika kwa mto. Siku ya pili hakurudi kuangalia kufuli. Hata mara moja. Nilikuwa nimelala nikihesabu, nikasubiri, viatu vikaenda moja kwa moja, na hilo lilinitisha kuliko kikohozi. Ndipo nikamwambia mama. Nilimwambia wazi kwamba Sista anaumwa, anamdanganya Metroni kwa maji baridi. Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Akasema nina bahati baba yangu hayupo, mzaha una mipaka, na jirani aliyechoka si wa kuchezewa. Nikaapa. Akasema wiki iliyopita niliapa hivyo hivyo kwamba hedimasta ameliwa na fisi.

Siku ya nne alianguka, wodini, na karai la maji ya moto mkononi. Walimpeleka hemani. Alilala huko siku kumi na moja, na kwa siku mbili kati ya hizo alimwita mumewe kwa jina la mtu tusiyemjua.

Msichana wa Kabazi aliugua siku moja baada ya Sista kuanguka. Alikuwa anakula naye sahani moja, analala naye zamu moja, anashika vitu alivyovishika. Yeye hakulala siku kumi na moja. Alilala siku tano, na ndugu zake wakaja na lori la maziwa kumchukua.

Labda aliipata kwa Sista. Labda kwa mmoja wa wale tisini waliomkoholea usoni. Hakuna kipimo cha hilo, si cha kioo wala cha mkono, na hicho ndicho kinachonikasirisha mpaka leo kuliko mama, kanisa na Metroni wakiwekwa pamoja. Pasta alisema ni mapenzi ya Mungu. Metroni alisema, nilivyosikia, kwamba vipimo vyote vilikuwa sawa, na daftari ni shahidi. Kwetu wanawake walisema Sista ni shujaa, kwa kuwa alifanya kazi mpaka akaanguka. Walilisema hilo mbele yake, akiwa amekonda, amekaa kwenye ngazi yake. Alisikiliza. Kisha akauliza kama kuna mtu anajua msichana alizikwa upande gani wa Kabazi, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameuliza.

Alirudi kazini baada ya mwezi. Mkono uliacha kukung'uta. Alichukua kijiko, akakoroga, akakiweka. Mama alikula naye bila kujikinga na hakuona kitu. Mimi niliona, nikarusha kijiko changu makusudi ili angalau mtu arushe.

Siku moja hivi karibuni, shule ikiwa imefunguliwa tena na homa nayo imeanza kurudi, alibisha hodi kwetu asubuhi, mara tatu. Amevaa sare, saa imening'inia kichwa chini. Mama alikuwa bombani. Sista alisimama kwenye kizingiti akafungua kifungo cha juu cha kola.

"Nipime, Mia na Sita."

Nikamwambia sina kipimo. Akasema hataki kipimo. Nikamuuliza kwa nini asimwombe mama, au mwenzake wa pumu, au mtu yeyote mwenye heshima zake.

"Wao wataniambia niko sawa," akasema. "Nataka mkono wa mtu anayejua nilivyo mwongo."

Ikawa desturi. Kila asubuhi, baada ya kufuli mara tatu, maana kufuli lilirudi, anapita kwetu, namwekea upande wa nyuma wa vidole chini ya sikio, nahesabu mpaka kumi, nasema yuko baridi kama samaki, kama chura, kama moyo wa hedimasta, kila siku kitu kipya, naye anaenda. Hakucheka, lakini alisubiri nimalize. Nilidhani ni mchezo tu ameubuni ili kujituliza, kama lile kufuli.

Juzi Alhamisi vidole vyangu vilifika shingoni mwake nikawa tayari na samaki.

Sikusema samaki. Nikahesabu kumi, nikaanza tena upya, nikahesabu kumi nyingine. Nje lori lilikuwa linabadili gia kuelekea hospitali, limejaa.

"Sema," akasema.

"Rudi nyumbani, Sista."

Alinitazama, anatafuta mzaha. Najua mahali anapoutafuta, kwenye pembe ya mdomo. Nikaiacha pembe ya mdomo ikae. Akasema wodini leo manasi wako wawili tu. Nikasema najua. Akasema labda ni jua, labda ni kutembea haraka. Nikasema ametembea hatua kumi na jua halijatoka. Akasema mimi ni mtoto na yeye ni nasi mwenye miaka kumi na saba kazini. Nikasema ndiyo. Mkono wangu ulikuwa bado shingoni mwake, na chini ya vidole kulikuwa na mapigo, ya haraka, na sikuwa na saa ya kuyahesabia.

Akaketi kwenye ngazi yetu. Akafungua pini, akaitoa saa kifuani. Kwa mara ya kwanza niliiona ikiwa imesimama wima. Ilikuwa saa moja kasoro dakika ishirini.

"Basi nenda wewe," akasema. "Mwambie Metroni nina homa. Mwambie na yale ya mwaka jana, ya maji. Yote."

Nilivaa viatu bila soksi. Nilikimbia mpaka kwenye reli, nikapita ua wa kayaba, nikaona kwenye nyasi manasi wamesimama, vioo midomoni, na Metroni anaanza upande wa kushoto. Sikupita kwenye tundu la mbuzi. Nilipita getini. Na nikitembea kwenye nyasi ile, watu wote wananigeukia, nilikuwa najaribu kufikiria uso ambao mtu huwa nao anaposema kweli, maana nilihitaji kuuvaa na sikuwa na hata mmoja.